Kazi za mwanafalaki wa supanova na hesabu za marejeleo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Wanaouliza ni wa aina tatu. Kuna wanafunzi wa sekondari wanaotaka kujua kama kutazama nyota ni kazi ya kumlisha mtu. Kuna wa chuo wanaoandika tasnifu zao za kwanza. Na kuna watu wazima waliokutana na jina la mwanasayansi mtandaoni likiwa limezungukwa na tarakimu: makala mia kadhaa, marejeleo makumi elfu, na herufi h yenye nambari mbele yake. Wote wanataka kujua tarakimu hizo zinasema nini. Majibu yamepishana kwa urefu kwa sababu maswali hayana uzito mmoja.

Supanova ni nini, kwa maneno machache?

Ni nyota inayolipuka, ikang'aa kwa majuma kadhaa kiasi cha kushindana na galaksi nzima iliyomo. Njia za kufikia hapo ni mbili. Nyota yenye tungamo la kama mara nane ya Jua au zaidi huishiwa na fueli kwenye kiini, kiini kikaporomoka kwa uzito wake chenyewe, na matabaka ya nje yakatupwa angani. Kinachobaki ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanwa mno, au shimo jeusi. Njia ya pili ni ya kibete cheupe, yaani mabaki ya nyota iliyokuwa kama Jua letu, kikipata maada kutoka kwa nyota mwenzake hadi kikalipuka. Hiyo huitwa aina ya Ia, na ndiyo iliyoleta Nobeli ya fizikia ya mwaka 2011.

Na rejeleo?

Mtafiti akiandika makala, hutaja makala za wenzake alizozitegemea: alikotoa vipimo, alikojifunza mbinu, au hoja anayoipinga. Kila kutajwa kunahesabiwa rejeleo moja kwa aliyetajwa. Anayekusifu, anayekupinga, na yule aliyechukua jedwali lako bila kusoma hata aya ya kwanza, wote wanakuongezea moja moja. Hesabu hii inaonyesha kwamba kazi imetumika. Imetumiwaje, na kama ilistahili, hayo hauyapati mpaka ufungue makala zenyewe.

Nikitaka kuona kazi za mtu fulani, naanzia wapi?

Kwa elimu ya falaki, anza na Astrophysics Data System, ambayo wenyewe huiita ADS. Ni hifadhi inayogharimiwa na NASA na kuendeshwa kutoka Cambridge, Massachusetts. Unaandika jina, unapata orodha, na kila makala ina idadi ya marejeleo pembeni. Makala zenyewe nyingi utazipata arXiv, hifadhi iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, ambako wanafalaki huweka kazi zao hata kabla jarida halijazichapa. Aliyeketi Shela na bando kwenye simu anasoma makala ile ile anayoisoma profesa wa Harvard. Mambo machache sana ya kisomo yako hivyo, na nashangaa walimu wetu hawayapigii kelele.

Google Scholar nayo inahesabu, ila hesabu yake kwa kawaida iko juu zaidi, kwa sababu hujumlisha tasnifu, ripoti na mengineyo. Ukilinganisha watu wawili, watoe wote kwenye hifadhi moja.

Ukishafika ADS, chuja orodha ibakie na makala zilizopitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Kisha tafuta upya ukiweka alama ya ^ mbele ya jina, ndani ya alama za kunukuu. Hapo utaletewa zile tu ambazo yeye ndiye mwandishi wa kwanza. Orodha ya mamia mara nyingi hubaki makumi, na hayo makumi ndiyo yanayokueleza mtu huyu anafikiri nini.

Nimeona mwanafalaki mwenye kazi zaidi ya elfu moja. Analala saa ngapi?

Analala kama wewe. Elimu ya supanova ina desturi zake. Nyota ikilipuka, mwangaza wake haungoji kikao cha wahariri. Supanova ya aina ya Ia hufika kileleni ndani ya takriban majuma matatu na kuanza kufifia. Kwa hiyo anayeiona hutuma taarifa fupi upesi, na anayepata spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, hutuma nyingine kusema ni ya aina gani. Tangu 1997 taarifa nyingi za namna hii zimepitia The Astronomer's Telegram. Tangu 2016, ugunduzi husajiliwa rasmi kwenye Transient Name Server, inakotoka mikururo ya majina kama SN 2023ixf (SN ni supanova, kisha mwaka). Taarifa ya aya mbili yenye majina kumi huorodheshwa ADS sawa na makala ya kurasa arobaini iliyomla mtu miaka mitatu. Ndiyo maana nasisitiza kuchuja.

Jambo la pili ni timu. Darubini zinazopekua anga kila usiku zinaendeshwa na makundi makubwa, na mara nyingi kila aliyetengeneza kamera au programu ana haki ya kutiwa jina. Mfano uliopita kiasi ni wa 2017, nyota mbili za nyutroni zilipogongana na tukio likapewa jina GW170817: makala ya pamoja iliyoeleza uchunguzi wote ilikuwa na waandishi zaidi ya 3,000.

Sasa shika hili. Wavuvi ishirini wakirudi Malindi na kilo mia za samaki, wanagawana. Kwenye marejeleo hakuna mgao: kila mmoja wa ishirini anaandikiwa kilo mia zote. ADS ina hesabu nyingine inayogawa marejeleo kwa idadi ya waandishi, na mtu asipoitazama hiyo atawasifu wenye timu kubwa kuliko wenye kazi kubwa.

Fahirisi ya h inapatikanaje?

Ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi kushuka chini, utafute nambari kubwa zaidi ambayo makala za idadi hiyo zina kila moja angalau marejeleo ya idadi hiyo. Tuseme ana tano: 40, 12, 6, 4, 1. Makala nne zina marejeleo manne au zaidi. Hakuna tano zenye matano. h yake ni 4. Mwingine ana tatu: 300, 3, 2. Huyo h yake ni 2, ingawa ile yenye 300 pengine imegeuza fani.

Hapo umeona kasoro yake. Inampenda mwenye umri mrefu, mwenye timu, na mwenye kuandika makala nyingi za wastani. Na haishuki: mtafiti akistaafu akakaa kando ya bahari Watamu, h yake itaendelea kupanda taratibu.

Mwandishi wa kwanza ndiye mkubwa wao?

Kwa kawaida ndiye aliyeshika kalamu na kufanya sehemu kubwa ya uchambuzi. Baada yake, mpango hubadilika kutoka timu hadi timu, na bila kuujua utamdharau mtu bure.

Chukua makala mbili maarufu kuliko zote za fani hii. Ya 1998, kwenye The Astronomical Journal, ina waandishi 20. Wa kwanza ni Adam Riess, wa pili Alexei Filippenko, na waliobaki wamepangwa kwa alfabeti. Brian Schmidt, aliyekuwa kiongozi wa timu nzima, yuko nafasi ya 14 kwa sababu jina lake linaanza na S. Asiyejua angemwona msindikizaji tu. Mwaka 2011 Schmidt alipanda jukwaani Stockholm pamoja na Riess kupokea Nobeli, na nusu nyingine ya tuzo ikaenda kwa Saul Perlmutter wa timu shindani.

Makala ya Perlmutter ya 1999, kwenye The Astrophysical Journal, ina mpango wake. Baada ya jina lake kuna kikundi kidogo kilichofuata alfabeti, Aldering, Goldhaber, Knop, Nugent, halafu alfabeti inaanza upya kwa Castro na Deustua. Kikundi cha mbele kimetengwa makusudi. Hakuna tangazo linalokwambia. Unaona kwa macho alfabeti iliporudi nyuma.

Makala ipi ya supanova imerejelewa kuliko zote?

Hizo mbili ndizo zilizo juu, na kila moja imepita marejeleo elfu kumi. Zilionyesha kwamba supanova za mbali ni hafifu kuliko zilivyotarajiwa, yaani ziko mbali zaidi, yaani ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka. Perlmutter na wenzake walitumia supanova 42 za mbali. Timu ya Riess ilikuwa na 16 za mbali na 34 za karibu. Wengi wanaozirejelea hawajawahi kupima supanova hata moja. Ni wananadharia wa nishati ya giza, yaani kile kinachodhaniwa kuongeza kasi hiyo, na wanazitaja kwenye sentensi ya kwanza kwa adabu, kama mtu anavyopiga hodi.

Ukiniuliza mimi makala ya kusoma, nitakutajia nyingine. Mwaka 1993 Mark Phillips alichapisha makala fupi yenye supanova tisa tu. Watu walikuwa wakidhani supanova za aina ya Ia zote zina mwangaza sawa, na vipimo vilikuwa havikubaliani. Phillips alionyesha kwamba zile zing'aazo zaidi hufifia polepole zaidi, hivyo ukipima kasi ya kufifia unaweza kusahihisha mwangaza. Bila hapo, makala za 1998 na 1999 zisingesimama. Nyuma yake ukaja mradi wa Calán/Tololo wa Chile, akina Mario Hamuy na José Maza, waliopima kwa uangalifu supanova za karibu. Perlmutter alichukua 18 za kwao kuwa msingi wa kulinganisha zake. Watu wa Chile wanarejelewa sana, ila si kwa kiwango cha ghorofa iliyojengwa juu yao. Mpangilio huo utauona kila mahali: makala ya mwisho kwenye mnyororo hukusanya sifa ya mnyororo wote.

Nyingine zinazopanda juu ni za vifaa. Makala ya Cardelli, Clayton na Mathis ya 1989 inaeleza vumbi la angani linavyonyonya na kuwekundisha mwanga. Ile ya Schlegel, Finkbeiner na Davis ya 1998 ni ramani ya vumbi hilo. Kila anayepima supanova hana budi kuondoa athari ya vumbi, basi anazirejelea, maelfu kwa maelfu, bila mjadala.

Ikirejelewa sana ina maana ni kweli?

La. Mwanzoni mwa 1989 timu moja iliyokuwa ikitazama SN 1987A, supanova iliyoonekana mwaka 1987, kutoka Cerro Tololo, Chile, ilidhani imeona nyota ya nyutroni ikizunguka karibu mara 2,000 kwa sekunde. Habari ikachapishwa kwenye jarida la Nature. Wananadharia wakaanza kuandika makala za kueleza nyota inawezaje kuzunguka kasi hiyo bila kusambaratika, kila moja ikiwarejelea. Baadaye ikabainika kuwa mapigo yalitokana na mwingiliano wa umeme wa kamera ya televisheni iliyokuwa kwenye darubini. Wenyewe waliondoa dai lao. Marejeleo yaliyokwisha kuandikwa yalibaki pale pale.

Dalili nzito za kitu kilichobaki katikati ya mlipuko ule zilikuja mwaka 2024, darubini ya angani ya Webb ilipoonyesha mwanga wa agoni na salfa zilizochochewa na chanzo kikali cha mnururisho.

Ubishi nao huongeza marejeleo. Leo wanaopima upanuzi wa ulimwengu kwa supanova wanapata kama kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki (kipimo cha umbali wa galaksi). Waliotumia setilaiti ya Planck, iliyopima mwanga wa kale wa ulimwengu, wanapata kama 67. Kambi zote mbili zinarejelewa na kila anayeingia kwenye ugomvi, na angalau kambi moja kuna kitu haijakiona.

Malindi inahusiana vipi na haya yote?

Hili huulizwa zaidi na waongoza watalii, kwa sababu wageni wa Kiitaliano huwauliza wao. Linahitaji nafasi.

Mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Ni San Marco, kituo cha Waitaliano ambacho sasa kinaitwa Luigi Broglio. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Scout ilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kupekua anga kwa eksirei. Ilikuwa siku ya kutimiza miaka saba ya uhuru wa Kenya. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Mahali palichaguliwa kwa hesabu za fizikia: karibu na ikweta mzunguko wa Dunia unaipa roketi msukumo wa bure, na setilaiti inayofuata ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za mnururisho zinazovuruga vipimo.

Eksirei hazipenyi hewa yetu, kwa hiyo kabla ya hapo kazi ilikuwa ikifanywa zaidi na roketi ndogo na maputo, dakika au saa chache tu. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili. Ilikuta kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinapiga mapigo kila sekunde 4.8, na kwamba kinajificha nyuma ya nyota nyingine kila baada ya siku mbili hivi. Ile ni nyota ya nyutroni, zao la supanova, inayozungukana na nyota kubwa na kuinyonya. Mabaki ya milipuko iliyoonekana na wazee wa zamani, kama Nebula ya Kaa ya mwaka 1054 na supanova ya Tycho ya 1572, yamo kwenye katalogi yake. Katalogi ya mwisho, ya nne, ilitoka 1978 ikiwa na vyanzo 339. Mpaka leo vingi vya vyanzo hivyo huitwa kwa majina yanayoanza na 4U, na hiyo U ndiyo Uhuru.

Hapo kuna jambo ambalo hesabu za marejeleo hazilikamati kabisa. Mtafiti anaweza kuandika jina la 4U kwenye kichwa cha makala na asiirejelee katalogi. Kazi ikishakuwa ya kawaida mno, watu huitumia bila kuitaja.

Novemba 1972 ikafuata setilaiti nyingine, SAS-2, kutoka jukwaa lile lile, ikitazama miali ya gama. Iliona Nebula ya Kaa na mabaki ya Vela. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya Uhuru, alipata nusu ya Nobeli ya fizikia ya 2002. Nusu nyingine waligawana Raymond Davis na Masatoshi Koshiba, na kazi ya Koshiba ilikuwa pamoja na kunasa nyutrino (chembe ndogo mno, ngumu kunasa) za SN 1987A. Kwa hiyo Nobeli moja ina Ngomeni upande huu na supanova upande ule. Urushaji wa setilaiti ulikoma mwaka 1988. Kituo kimebaki na kazi ya kufuatilia setilaiti.

Kwa nini basi hakuna jina la mtu wetu kwenye makala hizo?

Katalogi ya 1978 ina waandishi wanane. Hakuna Mkenya. Hakuna Mwitaliano wa San Marco pia, wala Broglio mwenyewe, mwanzilishi wa kituo. Orodha ya waandishi ni ya waliochambua na kuandika. Aliyeendesha mashua ya kwenda jukwaani, aliyechomelea chuma, aliyepika, aliyewasha roketi, wote wako nje yake.

Sioni hila hapo, lakini hasara ipo. Kaunti ikiulizwa pwani imechangia nini katika sayansi ya anga, haina tarakimu ya kuonyesha, kwa sababu chombo kinachohesabu hakikuundwa kuhesabu mahali. Dawa yake ni kuandika historia, na wazee waliofanya kazi pale wahojiwe wangali hai. Naandika hili makusudi, labda mwanafunzi wa historia wa Pwani University ataliona.

SN 1987A ilionekana kwetu?

Mahali ilipokuwa panaonekana. Ilitokea kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa kama miaka 168,000 ya nuru, na iligunduliwa na Ian Shelton huko Las Campanas, Chile, tarehe 24 Februari 1987. Kutoka Malindi wingu hilo hupanda hadi nyuzi kama 24 juu ya upeo wa kusini, Lamu chini kidogo ya hapo. Mwishoni mwa Februari na Machi lilikuwa kusini mapema usiku, kaskazi likivuma na anga safi, lakini nyota yenyewe ilikuwa bado hafifu. Ilipofika kileleni Mei, ikionekana kwa macho bila taabu, wingu lilikuwa limeinama magharibi wakati wa magharibi, na Mei yetu ni masika.

Saa chache kabla ya mwanga kufika, tangi la maji la Kamiokande, Japani, lilinasa nyutrino 11 kwa muda wa sekunde 13. Makala iliyoeleza hilo ni fupi na imerejelewa kwa mamia na mamia. Sijui mfano bora wa kumwonyesha mtu kwamba urefu wa makala hauna uhusiano na uzito wake.

Nyota nyekundu ya Betelgeuse italipuka lini?

Wakati wowote ndani ya miaka kama laki moja. Ilipofifia mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 lilikuwa vumbi. Makala zikamiminika hata hivyo.

Majina yetu ya pwani yanasumbua kwenye hifadhi hizi?

Sana. Mtu wa Lamu huitwa kwa jina lake, la baba, la babu. Fatma Ali Omar akichapisha, mfumo humwandika Omar, F. A., na kumchanganya na kila Omar mwenye F. Mwaka unaofuata akijiandika Fatma Ali, anakuwa mtu wa pili, na h yake inakatika vipande. Mohamed, Mohammed na Muhamad nao ni watu watatu. Wazungu pia yanawapata: kwenye ile makala ya 1998 kuna Adam Riess na David Reiss, na wengi wameshapotea hapo.

Kabla ya makala ya kwanza, chagua tahajia moja na usiiache. Kisha jisajili ORCID, inayotoa nambari ya tarakimu 16 ya mtafiti tangu 2012, bila malipo.

Bila shahada ya falaki, naweza kuingiza jina langu?

Wapo walioingiza. Robert Evans, mchungaji wa Australia, aligundua supanova zaidi ya 40 kwa jicho lake kwenye darubini, akiwa amehifadhi sura za galaksi kichwani. Koichi Itagaki wa Japani aligundua SN 2023ixf Mei 2023, na kundi zima la wataalamu likamfuata. Víctor Buso, fundi wa kufuli wa Rosario, Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya Septemba 2016 alipopiga picha za nyota ikianza kulipuka, saa ile ile. Makala ikatoka Nature mwaka 2018, na jina lake limo miongoni mwa waandishi.

Kwa Lamu na Malindi adui ni chumvi na unyevu: kioo cha darubini kikiachwa wazi, hewa ya bahari hukila. Miezi ya kaskazi ndiyo ya kufanyia kazi. Ila niseme wazi kwamba kuwahi mashine ni kugumu siku hizi, na darubini ya Rubin kule Chile inatarajiwa kutoa hadi tahadhari milioni 10 za kilichobadilika angani kwa usiku. Supanova nyingi zitakazopatikana hazitapigwa spektra na mtu yeyote. Penye nafasi zaidi ni kwenye kuchambua data, ambayo nyingi ni ya wazi.

Binti yangu amepata nafasi ya uzamili. Nitajuaje msimamizi mzuri kwa kutazama tarakimu hizi?

Mama, usianze na jumla ya marejeleo wala h. Fungua orodha ya profesa huyo ya miaka mitano iliyopita, utazame makala ambazo mwandishi wa kwanza si yeye bali mwanafunzi wake. Kama zipo, na wanafunzi hao wanaendelea kuonekana miaka inayofuata wakiandika makala zao wenyewe, huyo analea. Kama kwenye kila makala mwandishi wa kwanza ni yeye na wanafunzi wanajitokeza mara moja kisha hawaonekani tena, uliza zaidi kabla ya kukata tiketi. Asome pia shukrani mwishoni mwa makala: hapo hutajwa fedha zimetoka wapi na darubini zipi wana saa za kutumia. Timu yenye saa kwenye SALT, darubini kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, itampa spektra zake mwenyewe.

Halafu aandike barua pepe fupi: makala moja aliyoisoma mpaka mwisho, na swali moja alilobaki nalo. Asitaje h ya profesa. Anaijua.

Simu inatosha, au lazima kompyuta?

Kusoma, simu inatosha. Kuchora mwangaza wa supanova siku kwa siku kunataka kompyuta inayoendesha Python, lugha ya kuandikia programu, na hata ya mtumba itafanya.